Kiti cha Conkling: duru 56 za kura mjini Albany, 1881

Siku ya Jumatatu, tarehe 16 Mei 1881, Seneti ya Marekani ilisomewa barua ya mistari michache kutoka kwa Roscoe Conkling, seneta mwandamizi wa jimbo la New York, ikiarifu kwamba amekwisha kumpelekea gavana wa jimbo lake barua ya kujiuzulu. Kabla maseneta hawajamaliza kutazamana, ikasomwa ya pili, ya mwenzake wa jimbo hilohilo, Thomas Platt, ambaye alikuwa ameingia katika ukumbi huo tarehe 4 Machi ya mwaka uleule na kiti chake hakijapata hata joto. Magazeti yalimpachika Platt jina la "Mimi Pia", na jina hilo lilimganda kwa miaka mingi.

Hakuna aliyewafukuza. Walijiuzulu kwa hasira na kwa hesabu: hasira dhidi ya Rais James Garfield, na hesabu kwamba Bunge la New York, ambalo wakati huo lilikuwa katikati ya kikao chake mjini Albany, lingewachagua upya na kuwarudisha Washington wakiwa na nguvu zaidi, ili rais ajue ni nani hasa mwenye New York. Conkling alikuwa mrefu, mtanashati, msemaji hodari, na mtu aliyezoea kuona watu wakisogea pembeni anapopita. Miaka 15 kabla ya hapo, James Blaine alimdhihaki bungeni kwa ile mikogo yake ya bata mzinga dume, na tangu siku hiyo wawili hao hawakupatana tena. Sasa Blaine alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Garfield, na Conkling aliamini, si bila sababu, kwamba mkono wa Blaine ulikuwa nyuma ya kila jambo lililomkera.

Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kama utangulizi wa risasi iliyomuua Garfield, na baada ya risasi hiyo watu hawaangalii tena kilichotokea Albany. Mimi naona mambo kwa namna nyingine. Kwa maoni yangu Conkling alikuwa amekwisha kushindwa kabla ya risasi kulia, na kilichomshinda ni utaratibu wenyewe wa kujaza kiti kilichoachwa wazi: sheria kavu, ya kurasa chache, iliyomlazimisha kila mjumbe kusimama kila siku na kutamka jina kwa mdomo wake mbele ya wenzake.

Kwa msomaji wa hapa kwetu inafaa kueleza kwamba, tangu Marekani ilipoanza kutumia katiba yake mwaka 1789 hadi mwaka 1913, wananchi wa kawaida hawakuwapigia kura maseneta wao. Kila jimbo lilikuwa na maseneta 2, na waliochaguliwa na bunge la jimbo ndio walioingia Seneti. Kiti kikibaki wazi wakati bunge la jimbo halina kikao, gavana aliweza kuteua mtu wa kukishikilia kwa muda. Lakini kama bunge limo kikaoni, uchaguzi ulikuwa wa bunge peke yake. Kwa hiyo Gavana Alonzo Cornell, ambaye alikuwa mtu wa kambi ya Conkling, hakuwa na la kumsaidia hapo, na kwa namna alivyojiweka mbali katika wiki zilizofuata, sidhani kama alitaka sana kuwa nalo.

Ugomvi wenyewe ulihusu nafasi moja ya kazi, nayo ni ya mkuu wa forodha katika bandari ya New York. Wakati huo serikali ya Marekani ilitegemea sana ushuru wa bidhaa kutoka nje, na zaidi ya nusu ya ushuru huo ulikusanywa katika bandari hiyo moja. Jumba la forodha lilikuwa na ajira karibu 1,000, ambazo aliyeshika ufunguo wake aliweza kuwagawia watu wake, na walioajiriwa walitazamiwa kukatwa sehemu ya mshahara kuchangia chama. Hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1874, maofisa wakuu wa forodha walipata pia fungu katika faini na mali zilizokamatwa, na kwa sababu hiyo pato la mkuu wa forodha wa New York halikupungua mshahara wa rais wa nchi. Aliyeshika nafasi hiyo katika miaka ile alikuwa Chester Arthur, rafiki wa Conkling, ambaye Rais Hayes alimwondoa mwaka 1878 na ambaye, kwa mizunguko ya siasa, mwaka 1881 alikuwa makamu wa rais.

Nilimsimulia jambo hili mzee mmoja wa Moshi, mstaafu wa forodha aliyewahi kufanya kazi Holili na Namanga, nikitarajia ashangae. Hakushangaa hata kidogo. Aliweka kikombe chake cha kahawa chini akaniambia, "Mwanangu, anayekaa kwenye kile kiti hakusanyi ushuru tu. Anaajiri, anahamisha, anaamua mzigo upi ukaguliwe leo na upi ulale hadi kesho. Kwa mfanyabiashara, kulala kwa mzigo ni hela." Nilipomuuliza, "Na wanasiasa, mzee, walikuwa wakifika?" alicheka, akasema kwamba wanasiasa hawafiki wenyewe, hutuma salamu. Nadhani maelezo hayo yanatosha kueleza kwa nini maseneta wawili waliona uteuzi wa mkuu mmoja wa forodha ni jambo la kufa na kupona.

Tarehe 23 Machi 1881 Garfield alimteua William Robertson kushika nafasi hiyo, bila kupata ridhaa ya Conkling. Uteuzi huo ulimgusa Conkling penye kidonda. Katika mkutano mkuu wa chama cha Republican uliofanyika Chicago mwezi Juni 1880, Conkling alikuwa amepigana kufa na kupona kumrudisha Ulysses Grant agombee urais kwa muhula wa tatu, na alitaka wajumbe wote wa New York wapige kura kama mtu mmoja. Robertson ndiye aliyeongoza wajumbe waliokataa. Mkutano huo ulipiga kura duru 36 kabla ya Garfield, ambaye hakuwa ameingia akigombea, kuibuka mshindi, na Arthur akapewa nafasi ya umakamu ili kuituliza New York. Sasa Robertson alikuwa akituzwa kwa uasi wake, tena kwa nafasi iliyokuwa tegemeo la siasa za Conkling.

Kulikuwa na desturi ya zamani katika Seneti kwamba rais hateui mtu wa nafasi ya serikali kuu katika jimbo bila kuwasikiliza maseneta wa chama chake kutoka jimbo hilo. Conkling aliitegemea desturi hiyo. Alitumaini pia kwamba wenzake wangeyapitisha kwanza majina mengine ya watu wa New York, ambao wengi walikuwa watu wake, na kuliacha la Robertson lisubiri hadi kikao kiishe. Garfield alimwahi: tarehe 5 Mei aliyaondoa majina yale mengine yote, likabaki la Robertson peke yake. Kuanzia hapo kila seneta alipaswa kuchagua kati ya rais na Conkling, na Conkling alipohesabu vichwa akaona hana wa kutosha, aliamua kuondoka kabla ya kura. Siku 2 baada ya barua kusomwa, yaani tarehe 18 Mei, Robertson alithibitishwa.

Hasara ya kwanza ilikipata chama chake mwenyewe. Seneti ya mwaka ule iligawanyika sawasawa: Republican 37, Democratic 37, na maseneta 2 wasiofungamana na vyama hivyo viwili. Kuondoka kwa wawili wa New York kuliwafanya Democratic kuwa wengi kwa mara moja, na Republican waliobaki hawakuona sababu ya kumshukuru mtu aliyewafanyia hivyo kwa sababu ya kinyongo. Wajumbe wa Albany walilijua hilo vizuri. Walipoanza kukutana na wapiga kura wao wa vijijini, ambao wengi walimpenda Garfield na hawakujali nani anakaa jumba la forodha, wengi waligundua kwamba kumpigia kura Conkling kungewagharimu.

Sasa nifike kwenye utaratibu, ambao ndio ulionivuta. Hadi mwaka 1866 kila jimbo lilichagua maseneta kwa njia yake, na migogoro ilikuwa mingi: mabaraza mawili ya bunge yalishindwa kukubaliana, au moja likakataa kukaa pamoja na jingine, na kiti kikabaki wazi. Kwa hiyo tarehe 25 Julai 1866 bunge la Marekani lilipitisha sheria moja kwa majimbo yote. Kiti kikiachwa wazi wakati wa kikao, mabaraza mawili yalipaswa kupiga kura Jumanne ya pili baada ya taarifa kupokelewa, kila baraza katika ukumbi wake. Kesho yake saa 6 mchana yalikutana pamoja. Kama mtu yuleyule alipata wingi wa kura katika kila baraza, alitangazwa mshindi na mambo yakaishia hapo. Kama hakuna, wajumbe wote walipiga kura kama mkutano mmoja, na kama bado hakuna aliyepata zaidi ya nusu, walipaswa kukutana tena saa 6 mchana kila siku, na kupiga angalau kura moja kila siku, hadi seneta apatikane au kikao kifungwe.

Na kura hiyo haikuwa ya karatasi. Jina la mjumbe liliitwa, naye akatamka hadharani jina la anayemtaka. Ukumbi mzima ulimsikia, waandishi wa habari walimwandika, na jioni gazeti la wilaya yake lilikuwa na jina lake na jina alilolitamka. Ukitaka kubadili msimamo, ulibadili mbele ya kila mtu. Ukitaka kushikilia msimamo ambao wapiga kura wako hawautaki, uliushikilia mbele ya kila mtu vilevile, leo, kesho na keshokutwa.

Bunge la New York lilikuwa na wajumbe 160, yaani 32 wa Seneti ya jimbo na 128 wa baraza la chini. Wakiwepo wote, mshindi alihitaji kura 81. Republican walikuwa zaidi ya 100, na kwa hesabu ya harakaharaka mtu angesema kwamba Conkling, aliyekitawala chama hicho kwa miaka, hakuwa na la kuhofia. Kura ya kwanza ilipigwa Jumanne, tarehe 31 Mei. Conkling aliungwa mkono na karibu theluthi moja tu ya wajumbe wa chama chake, na Platt alipata pungufu ya hapo. Kura nyingine za Republican zilitawanyika kwa watu kadhaa, wakiwemo Chauncey Depew, mwanasheria wa kampuni za reli, na wengine ambao jina lao lilitajwa siku moja na kusahauliwa siku ya pili. Democratic, waliokuwa zaidi ya 50, waliwapigia kura watu wao, Francis Kernan na John Jacobs, na baadaye Clarkson Potter, wakijua hawatashinda, huku wakitazama kwa furaha nyumba ya jirani ikiwaka.

Hapo Conkling alikuwa na nafasi moja ya kutoka kwa heshima, nayo ni kuitisha kikao cha ndani cha chama na kukubali matokeo yake. Hakuitumia, na wapinzani wake pia hawakuitaka, kwa kuwa katika kikao cha ndani nidhamu ya chama ingeweza kumwokoa. Badala yake alikuja mwenyewe Albany, akapanga katika hoteli ya Delavan, na pamoja naye akaja makamu wa rais wa nchi, Chester Arthur, kuzunguka vyumbani akiwaomba wajumbe wa jimbo wamrudishe mtu aliyejiuzulu ili kumpinga rais ambaye Arthur mwenyewe ndiye makamu wake. Nimejaribu kutafuta mfano wa jambo hilo katika siasa za eneo letu na sijaupata. Magazeti ya Marekani hayakumhurumia, na kwa kweli sioni kwa nini yangemhurumia.

Wiki zilipita, kura zikapigwa kila mchana, hesabu zikasogea kidogo na kurudi. Tarehe 9 Juni mjumbe mmoja, Samuel Bradley, alisimama akatangaza kwamba amepewa dola 2,000 ili ampigie kura Depew, na akamtaja aliyempa kuwa ni Loren Sessions, mjumbe wa Seneti ya jimbo. Sessions alikana, kila upande ukadai kwamba upande mwingine umepanga mchezo, na kesi iliyofuata haikumtia hatiani. Iwe pesa ile ilikuwa ya nani, tangu siku hiyo kila aliyebadili kura alilazimika kueleza kwanza kwamba hakununuliwa, na jambo hilo liliwafanya watu wengi zaidi kuganda walipokuwa.

Mwisho wa Juni palitokea jambo ambalo wanahistoria wengi hulisimulia kwa sauti ya chini. Katika ile hoteli ya Delavan, wapinzani wa Platt walisikia kwamba ameingia chumbani na mwanamke asiye mke wake. Wakaleta ngazi, wakaiegemeza ukutani, wakachungulia kwa zamu kupitia kidirisha kilichokuwa juu ya mlango. Tarehe 1 Julai Platt aliondoa jina lake katika kinyang'anyiro. Ni aibu kwa Platt, lakini naona aibu kubwa zaidi ni ya watu wazima, watunga sheria wa jimbo lenye watu wengi kuliko yote nchini, waliopanga foleni chini ya ngazi usiku. Ndivyo inavyokuwa watu 160 wanapofungiwa katika mji mmoja, hoteli moja na swali moja kwa mwezi mzima.

Asubuhi ya kesho yake, Jumamosi tarehe 2 Julai, Garfield alipigwa risasi katika kituo cha reli mjini Washington. Aliyempiga, Charles Guiteau, alikuwa mtu asiye na akili timamu aliyekuwa akitafuta kazi ya ubalozi, na alipokamatwa alisema kwamba yeye ni wa kambi ya Stalwart, ambalo ndilo jina la kundi la Conkling, na kwamba sasa Arthur atakuwa rais. Saa hizo Arthur na Conkling walikuwa ndiyo kwanza wanashuka kutoka kwenye meli iliyowaleta usiku kutoka Albany hadi jiji la New York. Conkling hakumtuma Guiteau, wala hakuna aliyethibitisha kwamba walikuwa na uhusiano wowote. Lakini jina la kundi lake lilikuwa limetoka kinywani mwa muuaji, na hapakuwa na namna ya kulirudisha.

Hapa ndipo wengi husema kwamba risasi ilimmaliza Conkling. Tazama tarehe tena. Hadi Julai 2, kura zilikuwa zimepigwa kwa zaidi ya mwezi, na hakuna hata siku moja ambayo Conkling alikaribia nusu. Mshirika wake alikuwa amejiondoa jana yake. Kila siku iliyopita ilimpunguzia mtu mmoja au kumwacha palepale, wakati ambapo yeye ndiye aliyehitaji kupanda. Sheria ya 1866 ilitungwa ili kulazimisha bunge kufikia uamuzi, na kwa mtu aliyekuja kuomba kuthibitishwa kwamba hana mpinzani, kura ya kila siku ilikuwa ushahidi wa kila siku kwamba anao. Risasi iliwapa waliochoka sababu ya kumaliza, basi.

Depew alijiondoa tarehe 8 Julai ili njia ifunguke, na Republican waliompinga Conkling wakakubaliana kwa majina mawili: Warner Miller kwa kiti cha Platt, ambacho muda wake ulikuwa unakwisha Machi 1887, na Elbridge Lapham kwa kiti cha Conkling, ambacho kilibakiza hadi Machi 1885. Miller alichaguliwa tarehe 16 Julai katika duru ya 48. Wafuasi wa Conkling waliendelea kumtaja mtu wao kwa siku chache zaidi, wengine nadhani kwa uaminifu tu, hadi tarehe 22 Julai, katika duru ya 56, Lapham alipopata kura za kutosha. Kesho yake bunge lilifunga kikao.

Wanaosoma blogu hii wataniuliza haya yananihusu nini mtu wa Arusha. Nilipokuwa nikifundisha uraia katika shule moja hapa mjini, swali lililorudi kila mwaka lilikuwa hili: kwa nini sisi tunaopita kila siku mbele ya makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hatupigi kura kuwachagua wabunge wanaokaa humo? Jibu lipo katika Ibara ya 50 ya Mkataba wa Jumuiya. Kila nchi mwanachama ina wabunge 9 wa kuchaguliwa, na wanaowachagua ni bunge la nchi hiyo, kutoka nje ya wabunge wake, kwa kuzingatia kadiri inavyowezekana vyama vilivyomo bungeni, mitazamo tofauti, jinsia na makundi mengine. Wetu huchaguliwa Dodoma. Wagombea husimama mbele ya wabunge, hujinadi kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya bunge wanalolitaka, hujibu maswali, kisha wabunge hupiga kura ya siri. Ni uchaguzi wa jamii ileile ya Albany, na matatizo yake mengi ni ya ukoo mmoja.

Swali la kama kuna uchaguzi wakati vyama vimekwisha kupanga kila kitu liliwahi kuamuliwa hapahapa Arusha. Mwaka 2006 Kenya ilipeleka majina ya wabunge wake wa Afrika Mashariki yaliyokuwa yamepangwa na vyama kupitia kamati ya bunge, bila wabunge kupiga kura. Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake 10 wakafungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Tarehe 27 Novemba 2006 mahakama ilizuia watu hao wasitambuliwe kwanza, na tarehe 30 Machi 2007 ikaamua kwamba Bunge la Kenya halikuwa limefanya uchaguzi kwa maana ya Ibara ya 50. Wakuu wa nchi hawakupendezwa. Kabla hata hukumu haijatoka, walikuwa wamekwisha kurekebisha Mkataba na kuongeza kitengo cha rufaa katika mahakama hiyo. Uamuzi ule naupenda kwa sababu unadai kile ambacho sheria ya 1866 ilidai kwa lugha nyingine: kwamba chama kinaweza kupendekeza kinavyotaka, lakini lazima ifike saa ambapo kila mjumbe anapiga kura na kura inahesabiwa.

Na saa hiyo ikifika, walio wengi huweza kuamua hata nani awakilishe walio wachache. Mwezi Aprili 2017 Bunge letu liliwakataa wagombea wote wawili waliopendekezwa na CHADEMA kwa nafasi zake, na uchaguzi wa nafasi hizo ukarudiwa mwezi uliofuata. Mwaka huohuo Kenya ilichelewa kuchagua watu wake, na bunge la nne la Afrika Mashariki, lililotakiwa kuanza Juni, lilianza Desemba. Miezi hiyo ukumbi wa Arusha ulikaa bila bunge, na hapakuwa na sheria ya kuwalazimisha wajumbe wa Nairobi kukutana kila siku saa 6 mchana hadi wapatikane. Nakiri ningependa kuiona sheria ya namna hiyo, ingawa bila ngazi na kidirisha.

Namna ya pili ya kujaza kiti tunaijua vizuri zaidi. Mbunge wa Arumeru Mashariki, Jeremiah Sumari, alipofariki Januari 2012, wananchi wa jimbo hilo ndio waliopiga kura tarehe 1 Aprili, na Joshua Nassari wa CHADEMA akashinda. Aliyekuwepo anakumbuka barabara ya Moshi kuanzia Tengeru hadi Usa River ilivyojaa magari ya vipaza sauti, na akina mama wa sokoni waliokuwa na hoja kali kuliko za waliokuwa jukwaani. Kulikuwa na maneno makali na tuhuma za kila aina, lakini hakuna aliyeweza kuwaweka wapiga kura wote wa Arumeru katika hoteli moja.

Marekani ilihamia kwenye njia hiyo polepole. Jimbo la Delaware lilikwama vibaya kiasi kwamba kati ya mwaka 1901 na 1903 halikuwa na seneta hata mmoja Washington. Marekebisho ya 17 ya katiba, yaliyoidhinishwa tarehe 8 Aprili 1913, yaliwapa wananchi kura ya maseneta, pamoja na kura ya kujaza viti vinavyobaki wazi.

Garfield alifariki tarehe 19 Septemba 1881, na Arthur akawa rais. Conkling alitarajia kwamba Robertson ataondolewa sasa, lakini Arthur alimwacha pale bandarini, na Januari 1883 akatia saini sheria ya kuweka mitihani kwa sehemu ya ajira za serikali, sheria iliyokata mizizi ya siasa zilizomkuza yeye mwenyewe. Mwaka 1882 alikuwa amempa Conkling kiti katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Seneti ikamthibitisha, Conkling akakikataa, akaendelea na uwakili hadi alipofariki Aprili 1888, wiki chache baada ya kutembea kwa miguu katika dhoruba kubwa ya theluji jijini New York. Platt alikuwa na subira zaidi. Alirudi Seneti mwaka 1897, akichaguliwa na bunge lilelile la Albany.

Ipo nukta moja ya pembeni ambayo vitabu vingi huipita mbio. Miller na Lapham walipochaguliwa walikuwa tayari wabunge wa baraza la chini huko Washington, kwa hiyo kujazwa kwa viti viwili kuliacha viti vingine viwili wazi. Wabunge wa baraza hilo walikuwa wakichaguliwa na wananchi tangu mwanzo. Tarehe 8 Novemba 1881 wapiga kura wa wilaya hizo walikwenda vituoni asubuhi, na kufikia usiku Charles Skinner alikuwa amekipata kiti cha Miller na James Wadsworth cha Lapham.